Maswali ya Wasomaji: Nahau za Rangi za Kiingereza Mbele ya Mwanafunzi Mturuki

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni Mtanzania ninayefundisha Kiingereza kwa watu wazima mjini Istanbul. Wanafunzi wangu wameimudu sarufi vizuri, lakini nahau zenye rangi zinawashinda. Niliwatengenezea jedwali linaloonyesha kwamba bluu ni huzuni, kijani ni wivu, nyekundu ni hasira na nyeusi ni ubaya. Wanalikariri jedwali hilo, lakini wakikutana na nahau katika habari au mazungumzo, haliwafai kitu. Nifanyeje? — Mwalimu, Istanbul.

JIBU: Ndugu Mwalimu, nakushauri uliondoe jedwali hilo darasani kabisa. Haliwafai kwa sababu rangi iliyomo ndani ya nahau ya Kiingereza haina maana moja inayoandamana nayo kila inapokwenda. Itazame bluu peke yake. Mtu anayesema "I feel blue" ana huzuni. Jambo lililotokea "out of the blue" limetokea ghafla, bila dalili yoyote, liwe la heri au la shari. Na jambo linalotokea "once in a blue moon" hutokea kwa nadra sana. Mwanafunzi aliyekariri kwamba bluu ni huzuni, akiambiwa kuwa rafiki wa zamani amepiga simu "out of the blue", atadhani kuwa rafiki huyo alipiga simu akilia.

Kinachobeba maana ni tukio lililoizaa nahau. Bluu ya "out of the blue" ni bluu ya anga, na picha iliyomo ni ya radi inayopiga wakati mbingu ni safi na haina hata wingu moja. Mwanafunzi akiiona picha hiyo hatahitaji jedwali. Kuhusu mwezi wa bluu, waeleze kwamba mwezi mpevu hurudi kila baada ya siku 29 na nusu hivi, kwa hiyo hutokea, kwa wastani kila baada ya miaka miwili na nusu au zaidi kidogo, kwamba mwezi mmoja wa kalenda ukaangukiwa na miezi mipevu miwili, na huo wa pili ndio unaoitwa siku hizi mwezi wa bluu. Maelezo haya ya jina yalienea baada ya jarida moja la Marekani la elimu ya nyota kuyachapisha mwaka 1946, ilhali nahau yenyewe ilikuwapo zamani zaidi. Zimekuwapo pia nyakati ambapo mwezi ulionekana wa bluu kwa macho, kama ilivyotokea baada ya mlipuko wa volkano ya Krakatoa mwaka 1883, pale vumbi na majivu yalipotanda angani.

Baada ya tukio, nenda kwenye Kituruki chenyewe, na hapa ndipo nataka kusisitiza. Wewe unafikiri kwa Kiswahili, na ni rahisi kuifasiri nahau ya Kiingereza moyoni kwa Kiswahili kisha ukawapa wanafunzi mabaki ya fasiri yako. Mwanafunzi Mturuki ana nahau zake, na mara nyingi ni nzuri kuliko maelezo yoyote tutakayomtungia. Penye "once in a blue moon" yeye husema "kırk yılda bir", yaani mara moja katika miaka arobaini. Penye "out of the blue" husema "durup dururken", jambo kutokea wakati mtu ametulia tu, bila sababu. Anza somo kwa kuwauliza wao wangesemaje kwa lugha yao, waandike ubaoni, ndipo ulete Kiingereza. Ukianza na Kiingereza watakariri neno kwa neno. Ukianza na Kituruki watakuwa wanatafuta vazi jipya la maana ambayo tayari wanayo.

Huzuni ndiyo itakayokupa kazi. Kwa Mturuki huzuni ni nyeusi: anayezama katika mawazo mazito husemwa "kara kara düşünüyor", anafikiri kwa weusi, aliyefiwa au aliyevunjika moyo hufunga weusi, "karalar bağlamak", na penzi lisilo na tumaini, linalomdhoofisha mtu hadi akakonda, ni "kara sevda", penzi jeusi. Bluu kwao iko upande mwingine kabisa. Neno lenyewe ni mavi, ambalo Mswahili hujizuia kulitamka mbele ya watu, lakini asili yake ni neno la Kiarabu la maji, na linabeba rangi ya bahari na anga. Ushanga wa bluu wenye umbo la jicho hutundikwa mlangoni, garini na kwenye nguo za mtoto mchanga ili kukinga jicho la husuda, jambo ambalo watu wa pwani yetu hawahitaji kuelezwa. Mtu anayemfanya kila mmoja aamini kwamba ndiye kipenzi chake husemwa kuwa anagawa ushanga wa bluu, "mavi boncuk dağıtmak". Kwa hiyo ukimwambia Mturuki kwamba Mwingereza mwenye huzuni yuko bluu, unamwomba aitoe rangi hiyo kwenye kinga na kuitia kwenye majonzi. Mpe muda, na mwambie waziwazi kwamba hapa lugha hizi mbili zimeachana.

SWALI: Mimi ni mwanafunzi kutoka Kenya, nasoma Ankara. Mwenzangu wa bwenini, ambaye ni Mturuki, alisoma kwamba mtu fulani alikuwa "the black sheep of the family" akadhani kuwa anasifiwa. Siku nyingine alidhani "black eye" ni sifa ya urembo. Kwa nini nyeusi inamchanganya hivyo, wakati katika mifano mingine anaielewa vizuri? — Msomaji, Ankara.

JIBU: Mwenzako hakukosea kwa uzembe. Kituruki kina maneno mawili ya nyeusi: kara, ambalo ni la asili ya Kituruki, na siyah, lililotoka Kiajemi. Nyeupe nayo ina mawili, ak la asili na beyaz lililotoka Kiarabu. Katika maisha ya kila siku gari, shati na jezi huwa siyah au beyaz. Mashabiki wa timu ya Beşiktaş, kwa mfano, huitwa kwa rangi hizo mbili. Nahau na methali za kale, kinyume chake, zimejengwa zaidi kwa kara na ak. Mwalimu anayefasiri "black" kwa siyah peke yake humfungia mwanafunzi mlango wa nahau zake mwenyewe.

Sasa tumtazame kondoo. Katika historia anayofundishwa kila mtoto wa Uturuki wamo Karakoyunlu na Akkoyunlu, wenye Kondoo Weusi na wenye Kondoo Weupe, Waturukimeni waliotawala mashariki ya Anatolia, Azabajani na sehemu za Iran katika karne ya 14 na ya 15. Uzun Hasan wa Akkoyunlu aliwashinda Karakoyunlu mwaka 1467, kisha naye akashindwa na Sultani Mehmed wa Pili huko Otlukbeli mwaka 1473. Kwa mtu aliyelelewa na habari hizo, kondoo mweusi ni nembo ya ukoo uliotawala, na ndiyo maana mwenzako alisikia sifa. Maana ya Kiingereza, ya mtu anayeitia familia yake doa, kwa Kituruki hupatikana kwenye uso: mtu huyo ni "yüz karası", weusi wa uso wa jamaa zake. Kinyume chake, anayemaliza kazi yake kwa heshima huimaliza "alnının akıyla", kwa weupe wa paji la uso wake. Ipo pia methali isemayo "Ak koyunun kara kuzusu da olur", kondoo mweupe naye huzaa mwana mweusi. Hii nadhani ndiyo daraja bora kuliko zote, kwa sababu ina kondoo, ina rangi, na inazungumzia familia njema iliyopata mtoto aliyekengeuka. Mpe mwenzako methali hiyo na hataisahau nahau ya Kiingereza.

Kuhusu jicho, Kiingereza kinaposema "a black eye" kinataja jicho lililovilia damu baada ya kipigo, na kwa maana ya pili, sifa iliyochafuka. Mturuki jicho hilo huliita la zambarau, mor. Mwenye macho meusi kwake ni mrembo anayeimbwa na kusifiwa, na Karagöz, Jicho Jeusi, ni jina la mhusika mkuu wa mchezo wao wa vivuli, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha yake ya urithi wa tamaduni zisizoshikika mwaka 2009. Tofauti hii haina daraja. Inabidi ikaririwe tu.

SWALI: Nafanya kazi za ofisi Morogoro, na kwa miaka kadhaa nilikuwa pamoja na wahandisi wa Kituruki waliokuja kujenga reli ya kisasa. Sisi na wao tulikutana katikati kwa Kiingereza. Maneno yaliyotutatiza zaidi yalikuwa ya fedha na makaratasi: "red tape", "in the red", "in the black". Naomba ufafanuzi. — Msomaji, Morogoro.

JIBU: "Red tape" ni ule urasimu unaochelewesha kazi kwa mihuri, fomu na sahihi zisizo na mwisho. Chanzo chake ni utepe mwekundu uliotumika katika ofisi za serikali na mahakama za Uingereza kufungia mafungu ya nyaraka. Aliyetaka jambo lake liende alipaswa kusubiri utepe ufunguliwe. Mturuki hana utepe katika lugha yake, ila ana "kırtasiyecilik", neno lililotokana na kırtasiye, yaani vifaa vya kuandikia, ambalo mzizi wake ni lilelile neno la Kiarabu, qirtas, lililotupa sisi karatasi. Kumbe wewe na mhandisi huyo mngeweza kuelewana upesi zaidi kama kila mmoja angeliweka neno lake mezani kabla ya kulitafuta la Kiingereza.

"In the red" na "in the black" zinatoka katika vitabu vya hesabu. Wahasibu waliandika hasara au deni kwa wino mwekundu, na salio lililo salama kwa wino mweusi, kwa hiyo aliye "in the red" anadaiwa au anapata hasara, na aliye "in the black" ana faida. Ugumu kwa Mturuki uko kwenye hii ya pili, kwa kuwa nyeusi katika fedha kwake ni ishara mbaya: fedha chafu ni "kara para", soko la magendo ni "karaborsa", na siku ya dhiki ni siku nyeusi, kama katika methali "Ak akçe kara gün içindir", isemayo kwamba sarafu nyeupe, ile ya fedha iliyotumika enzi ya Waosmani, huwekwa kwa ajili ya siku nyeusi. Ipo njia moja ya kumsaidia akumbuke. Faida kwa Kituruki ni kâr, na kampuni inapoanza kupata faida husemwa kuwa imevuka "kâra". Neno hilo kwa sikio linakaribia sana kara, nyeusi, ingawa asili zao hazihusiani. Anayeingia kwenye kâr ameingia kwenye weusi wa Kiingereza.

SWALI: Je, zipo nahau za rangi ambazo mwanafunzi Mturuki anaweza kuzichukua moja kwa moja bila maelezo marefu? — Msomaji, Istanbul.

JIBU: Zipo, nazo ni nyingi kuliko watu wanavyodhani, hasa zile ambazo magazeti na siasa zimezisambaza duniani kote. "Green light", kwa maana ya ruhusa, ni "yeşil ışık". "Blacklist" ni "kara liste". Zulia jekundu, kadi nyekundu na mstari mwekundu usiovukwa vyote viko vilevile. "White lie", uongo mdogo usiokusudia kudhuru, ni "beyaz yalan", ingawa wengi huuita pia uongo wa waridi, "pembe yalan". Anayeona kila kitu kupitia "rose-tinted glasses" kwa Kituruki anaona dunia "toz pembe", waridi la unga, na maana ni ileile ya kutazama mambo kwa matumaini yaliyozidi.

Mbili zinahitaji tahadhari. "Caught red-handed" inaonekana rahisi, lakini Mturuki haoni mikono wala rangi. Anasema "suçüstü", juu ya kosa lenyewe, kama sisi tunavyosema mtu amefumaniwa. Mweleze kwamba wekundu huo ni wa damu mikononi mwa muuaji, na kwamba usemi huu ulianzia katika sheria za Uskoti. Ya pili ni "green with envy". Kijani kwa Mturuki hakina wivu hata kidogo. Mwenye wivu kwake hupasuka, "kıskançlıktan çatlamak", na yeyote aliyewahi kusikiliza mipasho ya taarabu anaujua mpasuko huo. Hapo mwalimu Mswahili ana bahati ambayo mwalimu wa London hana.

Kwa aibu nako kuna njia fupi. Kiingereza husema mtu amekuwa "as red as a beetroot", na Kituruki nacho husema mtu amewiva kama kiazi sukari chekundu, "pancar gibi kızardı". Ukitaka kuongeza nguvu, Kituruki hurudia mwanzo wa rangi na kuitia mkazo: kırmızı inakuwa kıpkırmızı, kara inakuwa kapkara, beyaz inakuwa bembeyaz, kama vile sisi tunavyosema nyekundu pyu, nyeusi ti na nyeupe pe. Kiingereza hakina mkazo wa namna hiyo. Hutegemea mifano na maneno ya kuambatana, kama "jet black" na "snow white". Basi mwanafunzi akitafuta neno la kıpkırmızı kwa Kiingereza, usimpe "very very red". Mpe kiazi hicho chekundu, kwa sababu tayari anacho.