Utajuaje Meli ya Kitalii Imejaa Kiasi Gani Kabla Hujapanda

Dada mmoja wa Dallas kaniandikia wiki hii. Ametoa kianzio cha safari ya meli, kutoka bandari ya Galveston, Texas, kwenda kisiwa cha Cozumel, Mexico, katikati ya Machi, yeye na mumewe na watoto wawili. Kapiga simu kwenye kampuni kuuliza watakuwa watu wangapi, wakamzungusha mpaka akachoka. Ananiuliza afanyeje.

Mdogo wangu, simu achana nayo. Hawatakwambia. Muuza samaki wa Feri hawezi kukutajia jioni amebakiwa na ndoo ngapi, maana utashusha bei palepale. Na hawa ni hivyohivyo.

Mimi nilianza kulifuatilia jambo hili kwa uchungu. Wifi yangu alitupangia safari ya familia, katikati ya Machi kama wewe, kupitia wakala aliyemwapia kwamba meli ni kubwa, nafasi tele. Niliuliza, jamani. Niliuliza kwenye kundi la WhatsApp mbele ya ukoo mzima: hii si ndiyo wiki shule za Texas zimefungwa? Nikajibiwa kwa vikatuni vya kucheka na kuambiwa nina roho ya kizee.

Basi tukapanda. Asubuhi ya kwanza baharini natoka saa moja na nusu, viti vya pembeni ya bwawa vyote vimeshawekewa taulo na kandambili, na mwenyewe hayupo hata mmoja. Lifti ikifunguka imejaa watoto wanaochuruzika maji, inajifunga tena. Mama mkwe, na magoti yake yale, alipanda ngazi ameshika sahani ya mayai kwa sababu meza za bufe zilikuwa zimeisha. Wifi hakunitazama usoni mpaka tunarudi Galveston. Na mpaka leo hajasema neno.

Sasa sikiliza. Meli "iliyojaa asilimia 100" haijajaa. Kampuni huhesabu watu wawili kwa kila chumba. Icon of the Seas, meli ya kampuni ya Royal Caribbean iliyoanza safari Januari 2024, kwa hesabu hiyo inabeba watu 5,610, lakini ikifungua vile vitanda vya juu na makochi inaweza kufika 7,600. Tofauti hiyo ni takriban watu 2,000, na likizo ya shule wengi wao ni watoto.

Kujua ilivyo, jifanye mnunuzi. Ingia kwenye tovuti ya kampuni, chagua safari yako hiyohiyo, weka watu wawili, endelea mpaka wakuoneshe namba za vyumba. Ishia hapo, kadi usiiguse. Ukiona vimebaki vichache, na vyenyewe viko chini ya ukumbi wa disko, ujue meli imejaa. Ukiona hawakupi tena namba, wanasema chumba watakuchagulia wao, ujue wanafagia mabaki. Rudia ukiweka watu wanne. Wawili wakipata na wanne wakakosa, basi familia zimeshaingia kwa wingi. Wakati mwingine vitanda vipo, ila nafasi za mashua za kuokolea upande ule zimetimia, na hapo hawaongezi mtu.

Usiangalie mara moja ukaridhika. Vyumba vingine vinashikiliwa kwa ajili ya makundi, kisha vinarudishwa sokoni. Muda mzuri ni karibu na siku ya kumalizia malipo, ambayo kwa kampuni nyingi za huku Marekani ni kama siku 90 kabla kwa safari ndefu, na kama 75 kwa fupi. Waliokuwa wanajaribu tu hujitoa hapo. Angalia kabla, angalia baada. Bei ikishuka, vyumba bado wanavyo. Na wakikuandikia barua pepe wakikubembeleza uhamie tarehe nyingine kwa zawadi, wameuza kupita kiasi. Mimi ningehama.

Safari iliyofuata niliipanga mwenyewe, Januari, shule zimeshafunguliwa. Nilichungulia ile tovuti kila jioni nikitoka kazini, vyumba vya baraza vimejipanga sitaha nzima. Tulikula tumekaa. Mama mkwe alichagua kiti chake kwenye kivuli, na kila nikipita yupo palepale na chai yake. Picha nilizituma kwenye kundi, zote, bila maneno.

Watu wetu tuna ugonjwa wa kufuata bei ya kundi na kuona aibu kuuliza. Uliza! Hela ni yako, umeilalia zamu za usiku.

Kwa hiyo wewe wa Dallas: katikati ya Machi itajaa, usijidanganye. Kama hujamalizia malipo, piga simu wakubadilishie tarehe, ila soma kwanza masharti ya kianzio, kingine hakirudi. Kama watoto wanabanwa na shule, angalia wiki za mwanzo za kiangazi na uzipime hivyohivyo, watu wawili kwanza, kisha wanne. Septemba kuna nafasi na bei nzuri, lakini ni msimu wa vimbunga, unaoisha rasmi tarehe 30 Novemba, na meli inaweza kubadilishiwa bandari ukiwa tayari ndani.