Maswali ya Wasomaji: Migahawa ya Wahamiaji na Ladha ya Mji

Toleo hili tumechagua barua nne kuhusu migahawa inayofunguliwa na wahamiaji ugenini. Mbili zinahusu fedha na sheria, mbili zinahusu jiko lenyewe.

Swali: Kila mji wa Marekani una mgahawa wa Kichina. Je, ni kipaji cha upishi tu, au kuna sababu nyingine? — Mwalimu wa historia

Jibu: Sehemu kubwa ya jibu imo katika sheria za uhamiaji. Mwaka 1882 Marekani ilipitisha sheria ya kuwazuia vibarua wa Kichina kuingia nchini. Wafanyabiashara hawakuzuiwa: waliweza kusafiri kwao na kurudi, na kuleta wake na watoto. Lakini mwenye mgahawa hakuhesabiwa kuwa mfanyabiashara hadi mwaka 1915, mahakama ya rufaa ya shirikisho ilipoamua kwamba naye anaweza kupewa hadhi hiyo. Baada ya hapo migahawa ya Kichina iliongezeka mijini kwa kasi.

Tazama masharti yalivyoujenga mgahawa wenyewe. Mwombaji alitakiwa awe amewekeza fedha za kutosha katika mgahawa wa daraja la juu, auongoze kwa mwaka mzima, na katika mwaka huo asioshe vyombo wala kuhudumia meza. Tena alihitaji mashahidi wawili wasio Wachina. Kwa hiyo watu walichanga mtaji, wakafungua kumbi kubwa zenye mapambo, kisha wakapokezana umeneja kila baada ya mwaka au mwaka na nusu, ili kila mbia apate zamu ya kustahiki. Sheria hiyo ya 1882 ilifutwa mwaka 1943, na kufikia hapo wakazi wa miji mingi walikuwa wameshazoea chakula hicho kwa kizazi kizima. Wanafunzi wako wakisema kwamba Wachina wamezaliwa na mwiko mkononi, wasomee kanuni hizo.

Swali: Tuko 12 ughaibuni, tunacheza upatu. Tunataka utusaidie kufungua mgahawa. Wengine walifanyaje, na mambo huharibikia wapi? — Mshika daftari

Jibu: Mnafuata njia iliyokwisha kupitwa na wengi. Wakorea na Wakambodia waliohamia Marekani walitumia michezo ya namna hii pale benki zilipowakatalia mikopo kwa kukosa dhamana. Maduka ya donati ya Kalifornia ni mfano mzuri. Ted Ngoy, mkimbizi wa Kambodia aliyefika mwaka 1975, alijifunza kazi katika duka la kampuni kubwa, akanunua lake, kisha akawakodisha maduka wakimbizi wenzake na kuwafundisha. Walichagua donati kwa sababu za kimahesabu: bidhaa ni chache, mashine ni chache, na familia moja inaweza kugawana zamu ya usiku ya kukanda na zamu ya alfajiri ya kuuza.

Hesabu yenu ni rahisi. Watu 12 wakitoa dola 1,000 kila mwezi, kila anayepokea anapata 12,000. Hatari iko kwa wanaopokea mwanzoni, maana akishapokea mtu ndipo ushawishi wa kuacha kuchanga unapomjia. Wapeni zamu za mwanzo wale waliokwisha kumaliza mzunguko mzima na ninyi, na wageni wapokee mwishoni. Kila mpokeaji wa nusu ya kwanza awe na mdhamini aliye ndani ya mchezo. Andikeni kila malipo na kila mtu atie saini, hata mkiwa ndugu wa tumbo moja.

Kosa la pili ni kupeleka fedha kwenye viti na rangi ya ukuta. Kinachomeza mtaji katika mgahawa ni mtambo wa kuvuta moshi na bomba lake hadi juu ya paa, pamoja na kinasa mafuta kinachowekwa kwenye njia ya maji machafu. Ndiyo maana wahamiaji wengi huchukua jengo lililokuwa mgahawa wa watu wengine, na mtaa mmoja ukawa na pizza mwaka huu na supu ya Kivietinamu mwaka ujao: jiko linarithiwa. Kabla ya kutia saini mkataba wa pango, mwiteni fundi akague vitu vitatu: nguvu ya feni ya kuvuta moshi, ukubwa wa bomba la gesi au waya wa umeme, na hali ya kinasa mafuta. Ulizeni pia idara ya afya ya mji kama kibali cha jengo kinahamishika kwa mmiliki mpya. Mara nyingi hakihamishiki, na ukaguzi mpya hudai marekebisho ambayo mmiliki wa zamani alisamehewa. Tengeni gharama za miezi mitatu msiziguse. Mgahawa mpya unaweza kujaa watu na bado ukakosa fedha ya mishahara, kwa kuwa wauzaji humdai mgeni malipo taslimu.

Swali: Nilikula injera, mkate bapa wa Ethiopia, huko Washington; ilikuwa nyeupe na laini. Ninayopika nyumbani ni nyeusi, haina macho (vile vitundu vya juu), na inapasuka. Nakosea wapi? — Mpenzi wa injera

Jibu: Kwanza, huenda hukula injera ya tefu tupu, nafaka ndogo ya Ethiopia. Waethiopia walikimbilia Washington kwa wingi baada ya mapinduzi ya 1974, na mgahawa wa Mamma Desta ukafunguliwa mwaka 1978. Tefu ilikuwa adimu, hivyo wapishi walichanganya unga wa ngano, wa shayiri au wa ngano wenye hamira ndani, na wakazi wa mji wakaizoea ladha hiyo. Baadaye tefu ilianza kulimwa Idaho, lakini mchanganyiko umebaki katika migahawa mingi: ni rahisi, na ngano huupa mkate mnyumbuko ambao tefu, isiyo na gluteni (protini inayonata ya ngano), haiwezi kuutoa. Kwa mgonjwa asiyeruhusiwa kula ngano jambo hili ni zito. Aulize kabla ya kuagiza, asitegemee jina la chakula.

Weusi wa yako si kosa. Kuna tefu nyeupe na tefu ya kahawia. Macho na mipasuko ndiyo ya kurekebisha. Chukua unga wa tefu gramu 500 na maji mililita 800 yasiyo na klorini kali (yaache wazi usiku mmoja). Koroga hadi mabonge yaishe, tia vijiko vinne vya maji ya chachu ya mpiko uliopita, funika. Jikoni kwenye nyuzi 20 upe siku tatu. Kwenye nyuzi 28 siku moja na nusu hutosha, na ukizidisha unga utakuwa mchungu. Mapishi ya Addis Ababa, mji ulio juu ya mita 2,300 na wenye baridi, hayafai kunakiliwa saa kwa saa katika jiko la joto.

Maji ya rangi ya manjano yakijitenga juu, yamwage, ukibakiza kidogo kwa mpiko ujao. Sasa inakuja hatua inayorukwa na wengi, na ndiyo inayoleta macho. Chota kikombe kimoja cha unga uliochacha, kiongezee vikombe viwili vya maji, pika moto wa wastani ukikoroga hadi uwe uji mzito. Uache upoe hadi uvuguvugu, urudishe kwenye unga wote, koroga, subiri saa moja au mbili hadi uumuke na kutoa mapovu. Uji huo hushika hewa kwa niaba ya gluteni isiyokuwepo. Ukiurudisha ungali moto, utaua chachu.

Kikaango bapa kiwe cha moto sana: tone la maji lirukeruke. Mimina kuanzia ukingoni ukizunguka kuja katikati. Macho yakijaa juu, funika kwa dakika mbili, injera haigeuzwi. Ikipasuka, umeichelewesha motoni au umechelewa kuifunika. Isipotoa macho, ama uji ulirukwa, ama unga ni mzito kuliko maziwa mala, ama chuma hakijapata moto. Ipoze juu ya kitambaa, usiipange moja juu ya nyingine ingali moto, zitagandana.

Swali: Mgahawa wa Kihindi wa Uingereza una aina 60 za mchuzi na unaletewa chakula ndani ya dakika kumi. Inawezekanaje? — Mpishi mwanafunzi

Jibu: Kwanza, mingi ya migahawa hiyo ilijengwa na watu wa Sylhet, eneo ambalo leo liko Bangladesh, wengi wa mwanzo wakiwa mabaharia walioacha meli. Walikuwa na jiko dogo, wapishi wachache na wateja waliofika kwa pamoja usiku. Wakabuni rojo la msingi: mchuzi mmoja unaopikwa mapema na kuwa mwanzo wa michuzi yote.

Chemsha vitunguu maji kilo 2, karoti moja, kichwa cha kitunguu saumu, tangawizi gramu 50, mafuta mililita 200 na maji lita 2 kwa saa nzima. Tia nyanya gramu 400, manjano, dania na bizari nyembamba, pika nusu saa zaidi, saga, kisha rudisha motoni hadi mafuta yaelee. Rojo liwe jepesi kama supu. Nyama hupikwa pembeni mapema.

Agizo likiingia, mafuta hupata moto kwenye sufuria pana, hufuata kitunguu saumu na tangawizi, viungo vya unga kwa sekunde 30, nyanya ya kopo, kisha rojo *la moto* kwa awamu tatu huku likishika kidogo ukingoni. Rojo la baridi hushusha moto na mchuzi hupooza, na viungo vikiungua uchungu hautoki tena. Tofauti za majina huja hapo mwishoni: dengu huzaa dhansak, nazi na krimu huzaa korma, pilipili nyingi huzaa vindaloo. Anza na lita moja ya rojo na aina tatu tu, hadi mkono uzoee kasi ya moto.