Uso wa Nyumba na Sura ya Mji

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha sanaa katika shule ya sekondari hapa Dodoma. Kwenye kalenda niliyopewa mna mchoro wa zamani wa nyumba za Uholanzi: matofali mekundu, wanawake wawili wakifanya kazi, watoto wawili wamepiga magoti kibarazani, basi. Wanafunzi wanauliza kwa nini ukuta wa kawaida namna ile ulichorwa kwa uangalifu kiasi hicho. Niwajibu nini?
Mwalimu, Kikuyu, Dodoma

JIBU: Mwalimu, kwa maelezo yako huo ni mchoro wa Johannes Vermeer, mchoraji wa mji wa Delft huko Uholanzi, wa mwaka 1658 hivi, ambao asili yake imo katika makumbusho ya Rijksmuseum, Amsterdam. Watu walibishana kwa miaka mingi kuhusu mahali zilipokuwa nyumba hizo, hadi mwaka 2015 mtaalamu wa historia ya sanaa, Frans Grijzenhout, alipotangaza alichokikuta katika daftari la mwaka 1667 la tozo ya kuchimbua mifereji ya mji. Kwa kuwa kila mwenye nyumba alitozwa kulingana na upana wa nyumba yake kwenye mfereji, daftari hilo lilitaja vipimo vya nyumba na vichochoro, naye akavilinganisha na mchoro, akafikia mtaa wa Vlamingstraat, penye namba 40 na 42 leo. Nyumba ya kulia, kwa utafiti huo, ilikuwa ya shangazi yake Vermeer, mjane aliyeishi kwa kuuza utumbo, na kichochoro cha ubavuni kilipewa jina la biashara hiyo. Wanafunzi wako wanaoijua supu ya utumbo watalielewa hilo upesi.

Katika miji ile viwanja vya kando ya mifereji vilikuwa haba na ghali, hivyo nyumba zikawa nyembamba kwa mbele na ndefu kwenda nyuma. Mwenye nyumba alijipambanua kwa kilele cha ukuta wa mbele, kilichojengwa kwa umbo la ngazi, shingo au kengele, na juu yake boriti yenye kulabu ya kuvutia mizigo hadi darini.

Kisa ninachokipenda zaidi, hata hivyo, ni cha mchoraji mwingine Mholanzi wa zama hizo, Pieter Saenredam. Mwaka 1641 alilichora jumba kuukuu la baraza la mji wa Amsterdam, ambalo liliteketea mwaka 1652 wakati jumba jipya la fahari likiwa tayari linajengwa. Mwaka 1657 aliugeuza mchoro wake kuwa picha ya rangi, na wakuu wa mji wakainunua kwa gilda 400 (fedha ya Uholanzi ya wakati huo), wakaitundika ndani ya jumba jipya. Walikuwa na fahari tele, lakini waliutaka pia ule ukuta uliochakaa.

Ukiwapeleka wanafunzi kuchora, usiwaambie watafute uso wa tembe. Tembe ya Wagogo, yenye paa bapa la udongo, haijionyeshi barabarani. Imeuzunguka ua wa mifugo, na mali ya mwenyewe imo humo. Ombeni ruhusa kwa mzee wa kaya, mwingie uani, mpime kwa futikamba kabla ya kuchora, kisha kila mmoja aandike vipimo na tarehe kwenye karatasi yake, kama Saenredam alivyokuwa na desturi ya kufanya.