Katamarani Ugiriki: anza kupanga siku ya kurudi

Wiki hii dada mmoja wa Mombasa, sasa anaishi Ujerumani, ameniandikia kwa furaha tele. Watu wanane wameshachanga pesa, wiki moja ya Agosti, katamarani (mashua ya tanga yenye viwiliwili viwili) ya futi 40, njia ni Athens, Mykonos, Santorini, kisha Athens tena. "Niambie tu tubebe nini." Nimemjibu kwamba mizigo tutaizungumza mwisho, kwanza hiyo njia ifutwe. Na kwa kuwa maswali haya huja kila mwaka, tena na njia ileile, naandika hapa wote wasome.

Kuanzia Julai hadi Agosti Bahari ya Aegean ina upepo wake, meltemi. Huu ni upepo wa kaskazini unaotokana na mgandamizo mkubwa wa hewa upande wa Balkan na mgandamizo mdogo juu ya Uturuki. Kaskazi yetu huja Desemba, yao huja katikati ya kiangazi, na huja bila wingu hata moja. Unaamka, anga buluu, jua kali, na nje ya bandari ni nguvu 6 au 7 kwenye kipimo cha upepo cha Beaufort. Inaweza kukaa hivyo siku nne mfululizo.

Kutoka Athens hadi Santorini ni zaidi ya maili 100 za baharini. Kushuka ni raha tupu, upepo uko tezi, yaani nyuma ya chombo, na kila mtu ni nahodha. Kurudi, maili zilezile unazipanda upepo ukiwa usoni. Katamarani ya kukodi haipendi joshi, yaani kwenda dhidi ya upepo: mikuku yake chini ya maji ni mifupi, kwa hiyo chombo huteleza pembeni badala ya kukata mbele. Ukibisha, yaani kwenda pembepembe kushoto na kulia, kwa nyuzi 55 kutoka kwenye upepo, safari ya maili 30 inakuwa zaidi ya 50. Ukikunja tanga na kuwasha injini zote mbili, mawimbi mafupi ya Aegean yanapiga chini ya sakafu inayounganisha viwiliwili viwili. Mshindo wake huufungua mlango wa kabati na kumwaga vikombe, na kasi inashuka hadi noti tatu, yaani maili tatu za baharini kwa saa. Wazee wa majahazi hawakugombana na upepo, walingoja msimu ugeuke. Wewe huna msimu wa kungoja, una mkataba.

Na mkataba wa kawaida unasema hivi: unapokea chombo Jumamosi saa kumi na moja jioni, unakirudisha bandarini Ijumaa jioni, mnashuka Jumamosi saa tatu asubuhi. Ukichelewa unatozwa faini. Ukikiacha Paros na kupanda feri, mwenye chombo anatuma mtu kukifuata na gharama ni yako. Wapo wanaosema natisha watu. Wengine kati yao waliniandikia baadaye wakiwa kwenye hiyo feri.

Kwa Agosti, kundi lenye wageni wa bahari liende Ghuba ya Saronic: Alimos (marina ya Athens), Aegina, Poros, Hydra, Spetses, kisha kurudi. Visiwa viko karibu, na ardhi ya Attica na Peloponnese hukata nguvu ya mawimbi. Au mwende upande wa magharibi, bahari ya Ionian: Lefkada, Meganisi, Ithaca, Fiskardo. Huko asubuhi ni shwari, upepo wa kaskazini-magharibi huamka mchana na kulala jioni. Mkishikilia visiwa vya Cyclades, kundi lenye Mykonos na Santorini, nendeni Juni au Septemba, mwanzie Lavrio badala ya Alimos ili mfupishe safari ya kwanza, mzunguke Kea, Kythnos na Serifos, na siku ya nne omo, yaani mbele ya chombo, iwe imeelekea nyumbani. Santorini nendeni kwa feri. Ndani ya ile kaldera, shimo la volkano lililojaa bahari, maji ni ya kina kirefu mno, nanga haina pa kushika.

Makaratasi. Sheria ya Ugiriki inataka nahodha mwenye cheti kinachotambuliwa, kama ICC (cheti cha kimataifa cha kuendesha chombo), na mtu wa pili mwenye cheti au tamko la maandishi la uzoefu. Tuma nakala ya cheti kabla ya kulipa malipo ya kwanza, ambayo mara nyingi ni nusu ya bei, na udai jibu la maandishi kwamba kimekubaliwa. Mkikodi nahodha, hesabuni takriban euro 200 kwa siku, na chakula chake juu yenu, na kumbukeni anahitaji pa kulala. Watu wanane kwenye vyumba vinne maana yake nahodha hana chumba, labda kile kijichumba cha omoni kinachoingiwa kwa juu kama kisima. Tena anahesabika kwenye idadi ya watu walioruhusiwa chomboni. Ndugu wanaokuja kutoka Kenya au Tanzania kwa viza ya Schengen ya kuingia mara moja wasikubali matembezi ya Kos hadi Bodrum. Bodrum ni Uturuki, na kurudi Kos ni kuingia mara ya pili.

Bei mnayoiona mtandaoni si bei mtakayolipa. Ongezeni usafi wa mwisho, shuka, injini ya kidau, ushuru wa chombo, dizeli na dhamana, ambayo kwa katamarani huwa maelfu ya euro na huzuiliwa kwenye kadi. Hakikisheni kadi ya mtu mmoja ina nafasi hiyo. Pia gatini katamarani inakula nafasi ya mashua mbili, na marina nyingi hutoza hivyo hivyo.

Siku ya kupokea msiharakishe, hata kama watoto wanalia njaa. Piga video ya mikwaruzo yote, pamoja na pembe za tezi na chini ya kidau. Washa kila injini, chungulia nje uone maji ya kupoza yanatoka. Yasipotoka, angalia kichujio, mara nyingi kimeziba kwa mfuko wa plastiki au majani ya bahari. Halafu winchi ya nanga, mashine inayoivuta: teremsha na upandishe mnyororo pale pale. Uliza swichi yake ya usalama iko wapi na uiguse kwa mkono, kwa sababu itajizima siku yenye upepo. Hujizima mtu akivuta nanga injini ikiwa imezimwa, au akitumia winchi kulivuta jahazi zima. Injini ndiyo ilisogeze jahazi mbele, winchi ikusanye mnyororo uliolegea. Na mnyororo ukirundikana kama kichuguu chini ya tundu lake, utakwama, ubomoeni kwa mkono.

Sasa kufunga gati, mahali ambapo ndoa hujaribiwa. Ugiriki mara nyingi hamfungi ubavu, mnaingia kinyumenyume, tezi gatini na nanga mbele. Kabla ya kugeuka, dafrao (maboya ya kukinga ubavu) ziwe zimening'inia pande zote, mbili nene tezi. Kamba mbili za tezi zifungwe chomboni na kupitishwa NJE ya reli. Mmoja akae omo na rimoti ya winchi, wawili tezi. Anza mbali, kama urefu wa chombo mara nne, mita 50 hivi. Upepo wa ubavu ukiwepo, angusha nanga kidogo upande unakotoka. Nanga iguse chini, kisha rudi taratibu, mnyororo ukitoka kwa mwendo wa chombo. Mtu wa omo akiuzuia ghafla, omo inavutwa na tezi inampiga jirani. Akiumwaga wote kwa mkupuo, mnyororo unalala lundo moja na nanga haijashika kitu. Ukibakiwa na urefu mmoja wa chombo, simamisha mnyororo uhisi kama nanga imeuma. Usukani uache katikati. Injini moja mbele na moja nyuma hukigeuza chombo papo hapo. Kamba ya upande wa upepo ndiyo ya kwanza kufungwa. Kisha kaza mnyororo mpaka tezi ikae mita moja na nusu au mbili kutoka gatini, kwa ajili ya mawimbi ya feri.

Nanga isiposhika, ondokeni mrudie. Hakuna aibu, aibu ni kulala nayo hivyo. Hydra, ambako bandari ni ndogo, fikeni saa nane mchana, na mjue asubuhi minyororo itakuwa imepandana. Nanga ikipanda na mnyororo wa mwenzio, pitisha kamba chini ya huo mnyororo, ifunge chomboni ibebe uzito, teremsha nanga yako kidogo ijinasue, rudi nyuma, kisha achia ncha moja ya kamba.

Tanga: katamarani hailali ubavu, kwa hiyo haikuonyi kwamba tanga limezidi upepo. Tazama kipima upepo. Kwenye nyingi za futi 40, karibu noti 18 tanga kuu linapunguzwa mara ya kwanza, karibu 25 mara ya pili. Jedwali la chombo chenu ndilo lifuatwe.

Maji: tangi la lita 300 kwa watu wanane ni chini ya lita 40 kwa kichwa, yaani siku mbili mkiwa waungwana. Ya kunywa, lita tatu kwa mtu kwa siku ni lita 168 kwa wiki, chupa 112 za lita moja na nusu. Nunueni nusu mwanzoni, nusu njiani.

Na kubeba, dada yangu: mifuko laini. Sanduku la magurudumu halina pa kukaa chomboni, mtalala nalo kitandani. Viatu vyenye soli nyeupe, tochi ya kichwani, dawa ya kichefuchefu inayomezwa kabla ya kung'oa nanga, na mfuko wa takataka kwa karatasi za chooni, kwa sababu choo cha jahazi hakimezi hata kipande.