Trauti katika bahari ya Pemba: atakubali?

SWALI: Assalaam alaykum mtaalamu. Sisi ni kikundi cha wakulima wa mwani, Wete. Bei ya mwani haituridhishi, tunataka kuongeza mfugo mwengine. Tumesikia nje wanafuga samaki aitwaye trauti baharini kwenye vizimba na anauzwa ghali. Tukipata vifaranga, atakubali huku kwetu?

JIBU: Waalaykum salaam, ndugu zangu. Hatakubali, na nakuombeni sana msitoe hata shilingi moja kununua vifaranga hao.

Chumvi si tatizo. Trauti wa baharini huanguliwa mtoni, kisha kabla ya kushuka baharini mwili wake hubadilika: magamba hung'ara kama fedha na mashavu huanza kuitoa chumvi nje. Ndiyo maana Norway na Chile humkuza kwanza kwenye maji matamu, halafu humhamishia baharini. Linalomuua ni joto. Hustawi kwenye nyuzi 10 hadi 16 za Selsiasi. Zikipita 20 huacha kula vizuri, na zikikaribia 25 huanza kufa. Bahari yetu hata wakati wa kusi huwa kwenye nyuzi 25 hivi, na mwezi wa Machi hufika 29. Tena maji ya moto hubeba oksijeni kidogo: maji ya bahari ya nyuzi 12 hubeba karibu miligramu 8.7 kwa lita, ya nyuzi 28 hubeba kama 6.4. Samaki huyo basi anahitaji pumzi zaidi pale pale inapopungua.

Najua mtauliza kuhusu Mkondo wa Pemba, ambao kina chake kinazidi mita 700. Huko chini kuna baridi kweli, lakini kizimba hukaa juu. Kuyapandisha maji hayo kwa pampu, au kuyapoza kwenye matangi kwa umeme unaotufikia kwa waya kutoka Tanga, ni gharama ambayo bei ya samaki haitairudisha. Kwa Afrika Mashariki, trauti ni wa mito ya milimani. Kenya alipandikizwa kwenye milima ya Aberdare mwaka 1905.

Kwenu nyinyi naona samaki aitwaye mwatiko. Anavumilia joto, anavumilia chumvi ikipanda na ikishuka, na chakula chake kikubwa ni ule utando wa kijani unaoota chini ya bwawa, kwa hivyo hamtegemei chakula cha kununua tangu siku ya kwanza. Vifaranga hupatikana kwenye vidimbwi vya mikokoni maji yakitoka. Makoba, Unguja, Taasisi ya Sayansi za Bahari ilishajaribu kufuga samaki bwawani pamoja na chaza na mwani, na nyinyi mwani mnao tayari.

Bwawa lichimbwe nyuma ya mikoko, kwenye jangwa la chumvi, pahala ambapo maji ya bamvua huingia yenyewe. Mkoko usikatwe hata mmoja. Kabla ya kuchimba, chukueni udongo wa kina mtakachofika, uacheni wazi ukiwa na unyevu kwa wiki kadhaa, kisha mpime pH, yaani kipimo cha ukali wa tindikali (ikiwa ndogo, tindikali ni nyingi). Ikishuka chini ya 4, udongo huo utatoa tindikali bwawani. Tafuteni pahala pengine.