Kabla ya kuchapa kurasa 340

Mhariri, wiki hii mmeuliza: "Mwanafunzi wa chuo akizidiwa na msongo, afanye nini ili asipoteze ari ya kusoma?" Swali limenigusa pabaya. Sisi wa steshenari za Ng'ong'ona tunaijua wiki ya kuelekea UE, mtihani wa mwisho wa muhula, kuliko wale wahamasishaji wanaokuja kupiga kelele ukumbini, wakaondoka na bahasha. Ari siijui inauzwa duka gani. Nitajibu swali la jirani yake: huo msongo unatoka wapi? Mimi nasema unatoka kwenye hesabu ambazo mtu hataki kuzipiga.

Kredeti moja ni saa 10 za kazi, darasani na kujisomea pamoja. Mwenye kredeti 60 muhula huu ana saa 600. Gawa kwa wiki 15, unapata saa 40 kila wiki. Hiyo ni ajira kamili, tena ya mtu asiyekosa kazini. Anayefungua daftari wiki ya 11 ana deni, halafu anashangaa moyo unamwenda mbio.

Bumu, yaani fedha za mkopo za kujikimu, nalo ni vilevile. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 ni shilingi 10,000 kwa siku, ila haliji siku kwa siku, linaingia kwa mkupuo. Siku 60 ni 600,000. Wiki ya kwanza simu mpya, wiki ya saba maandazi ya mkopo. Siku linapoingia, mtangulizie mama lishe malipo ya sahani moja ya kila siku. Wali maharage wa 2,000 kwa siku 60 ni 120,000, naye anakuandikia kwenye daftari lake. Hata zingine zikiyeyuka, kula utakula.

Sasa nieleze nilichokiona. Ilikuwa jioni ya Julai, ule upepo wetu wa baridi na vumbi umeshafukuza watu kwenye vimbweta vya kusomea. Binti wa mwaka wa pili akaingia na flashi, anataka madesa, yaani notsi za kuchapa, ya kozi sita, yote. Kijana wetu wa mashine, mhitimu anayesubiri ajira, akahesabu: kurasa 340, kwa shilingi 100 ni 34,000. Binti alikuwa na 11,000. Hakubishana bei, hakuondoka, alisimama tu ameshika kaunta.

Kijana akachukua karatasi iliyoharibika, akaigeuza upande mweupe, akamwambia, "Dada, nitajie kosiweki zako," yaani alama za kazi za muhula. Akaziandika kwa kushuka: 31, 29, 27, 25, 23, 14. Chuo chao kosiweki ina alama 40, UE 60, na kufaulu ni jumla ya 40. Pembeni akaandika kinachodaiwa ili kupita: 9, 11, 13, 15, 17, 26. Hiyo 26 akaizungushia duara mara mbili. "Unaanza na ipi leo?" Binti akaonyesha ile ya 31, kwa sababu anaielewa.

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Mtu mwenye hofu hukimbilia kozi anayoijua, maana inampa raha ya kutikisa kichwa. Anakesha kwenye kozi inayomdai 9, ile inayomdai 26 ameikalia. Kijana akachapa desa la kozi moja tu, kurasa 60, na mitihani iliyopita kurasa 8. Jumla 6,800, chenji 4,200. Akampangia: asubuhi, kwa muda wa saa mbili na nusu, ile ya 26, kwa kujibu maswali bila kuangalia desa, jioni kozi nyingine moja kwa saa moja. (Tahadhari: kuna vyuo vinadai kiwango cha chini kwenye kosiweki peke yake na UE peke yake. Soma kanuni zenu kabla ya kuniamini.)

Nilikuwa nimepanga kuishia hapa, karatasi imeshinda. Lakini nikiandika nakumbuka jedwali lile lilichukua dakika kumi, na binti alikaa kwenye benchi karibu saa nzima. Kijana alimuuliza lini amekula chakula amekaa chini. "Jumapili." Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Usingizi je? Alikuwa anakunywa kile kinywaji cha kopo cha kuongeza nguvu saa nne usiku. Kafeini huchukua kama saa tano kupungua kwa nusu, kwa hiyo saa tisa usiku nusu yake bado inamkodolesha macho, na anachosoma hakikai, maana kumbukumbu hujipanga mtu akiwa amelala. Kwa nini asimwone mshauri wa wanafunzi? Akacheka kidogo: wenzake wa chumbani wangesema anapelekwa Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili.

Wa Dodoma mnaujua huo utani. Unawakalisha watu kimya.

Kwa hiyo sina uhakika tena kama ni hesabu iliyomnyanyua, au ni kuulizwa kama amekula. Alipata ngapi sijui, hakurudi kutuambia. Bado nasema piga hesabu, wiki ya pili, siyo ya 14. Ila kama usingizi, hamu ya kula na hamu ya mambo uliyoyapenda vimekutoka kwa wiki mbili mfululizo, jedwali halitakusaidia. Nenda kwa mshauri au zahanati ya chuo, na ukianza kuwaza kujidhuru usisubiri wiki mbili, nenda leo na mtu wa kukushika mkono. Mirembe ipo tangu 1927, na watu wanatibiwa pale wanarudi makwao.

Na ikibidi kuahirisha mtihani, barua iende kabla ya mtihani, na cheti cha daktari kiwe kimeambatanishwa. Tunachapa nyingi ambazo zimeandikwa siku tatu baada ya mtihani. Hizo hata kuzichapa tunaona huruma.

Msomaji, Ng'ong'ona, Dodoma