Nzi sita ndani ya kopo la viwavi

SWALI: Mama, habari ya kazi? Nafundisha shule ya msingi huku Bweyale, wilaya ya Kiryandongo, Uganda. Watoto waliokota viwavi tisa kwenye mahindi ya shule, tukawafuga katika kopo moja kwa majani mabichi. Tumepata nondo wanne tu, na nzi sita wa kijivu wenye nywele ngumu. Je, walitoka ndani ya viwavi, au waliingia tulipofungua kopo? Tuwaite nani?

JIBU: Nzuri, mwalimu. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana wengi wakiona nzi humwaga kopo lote.

Kabla ya nzi, chungulia chini ya kopo. Kama kuna maganda ya kahawia nyekundu yenye umbo la pipa, yaliyofunguka ncha moja, nzi walikulia humo. Lakini hilo halitoshi. Kiwavi aliyekufa huvuta nzi wa mizoga, na mabuu yao huacha maganda ya namna hiyohiyo.

Basi chukua lenzi, mtazame nzi kwa ubavu. Nyuma ya mgongo kuna kibamba kidogo chenye umbo la ngao. Chini yake, nzi wa familia ya Tachinidae ana uvimbe wa pili uliofura kama mto. Nzi wa nyama hana uvimbe huo. Yeye ana milia mitatu myeusi mgongoni na tumbo la madoadoa kama ubao wa drafti. Ukiuona ule mto, una nzi ambao mabuu yao hula kiwavi akiwa hai. Kiwavi mmoja anaweza kutoa nzi zaidi ya mmoja, kwa hiyo hesabu yako isikushangaze.

Jina la spishi sitalitoa kwa maelezo ya barua. Kwa jirani zetu Kenya, utafiti uliochapishwa 2018 ulimpata Palexorista zonata katika viwavijeshi vamizi. Ghana na Benin ametajwa Drino quadrizonula. Wako anaweza kuwa mmoja wao au mwingine kabisa. Wapeleke Kawanda, kwenye maabara za utafiti wa kilimo, wakaangaliwe kwa darubini.

Usiwatie kwenye spiriti, kwani ule unga wa kijivu mwilini huharibika, nao husaidia kuwatambua. Nzi aliyetoka leo mwache hai hadi kesho, mwili ukauke na rangi ikolee, kisha mgandishe kwenye friji. Mchome pini upande wa kulia wa mgongo ili nywele za kushoto zibaki nzima. Ganda lake litie katika kapsuli tupu ya dawa, likae kwenye pini hiyohiyo.

Msimu ujao, kila kiwavi na kopo lake. Viwavijeshi hulana wenyewe kwa wenyewe, na katika mahindi huwa kuna bungua pia, viwavi watoboao mashina. Kiwavijeshi vamizi ana alama ya Y iliyopinduka usoni na madoa manne yaliyopangika kama mraba karibu na mkia. Andika ni kiwavi gani siku hiyohiyo ya kumwokota. Mimi niliwahi kuchanganya kumi na wawili katika debe moja. Nikapata nzi watatu wazuri sana, na hadi leo siwezi kumwambia mtu walitoka kwa kiwavi gani. Bado inaniuma.

Hao sita wako usiwatupe. Kwenye lebo andika Bweyale, tarehe, mahindi, "viwavi waliochanganywa", basi. Usiongeze neno ambalo hukuliona kwa macho yako.